Makofi kwa Damu Isiyo na Jina

Wapendwa, leo nataka tumtazame daktari mmoja. Si yule wa kukupima joto na kukuandikia vidonge. Huyu alikuwa mtafiti, na maisha yake yote aliyatoa kuichunguza saratani ya damu na ile ya tezi. Alianza angali kijana, akaota mvi akiwa ameinamia hadubini, ile mashine ya kukuza vitu tusivyoviona kwa macho. Na msidhani alikuwa mtu mbaya! Watoto waliokuwa wa kuzikwa walipona kwa dawa ambazo mkono wake ulikuwamo. Nchi za mbali zilimwita akawafundishe. Na mama yake kule kijijini hakuweza kukaa na mtu bila kumtaja.

Sasa, kazi ile ina utaratibu wake. Damu ya mgonjwa hupakwa kwenye kipande cha kioo, na kioo humfikia mtafiti kikiwa na namba tu, bila jina, asije akampendelea mtu. Ni utaratibu mzuri. Lakini wao kwa wao walikuwa na mazoea. Ugonjwa ukionekana waziwazi kwenye kioo, walisema, "Hii nzuri!" Nzuri kwa sababu inafundisha. Mmenielewa? Jinsi mtu alivyozidi kuumwa, ndivyo kioo chake kilivyozidi kuwa kizuri.

Mama alikuwa amempigia simu. "Baba, siku hizi nachoka bure. Hata fizi zinanitoka damu."

"Ni umri, mama. Kula matembele. Kazi ikipungua nitakuja kukuona."

Niambieni, wapendwa, kazi ilipungua lini?

Asubuhi moja akaletewa kioo. Akainama kwenye hadubini, kisha akapiga ukelele kama mtu aliyeona bao. "Njooni! Njooni muone! Tangu nianze kazi sijaona nzuri kama hii!" Wanafunzi wakakimbilia, wakachungulia mmoja mmoja, na maabara nzima ikalipuka kwa makofi. Alikuwa amekitafuta kioo cha namna ile muda mrefu, kithibitishe jambo ambalo wenzake walimbishia. Akauliza mgonjwa yuko wapi. Wakamwambia hajaondoka, anasubiri majibu kwenye benchi pale nje, chini ya dirisha.

"Nitakwenda mwenyewe," akasema. "Nahitaji damu yake nyingine."

Akatoka, bado anatabasamu.

Kwenye benchi alikaa mama mzee aliyejitanda khanga, ameegemea bega la mkwewe aliyemleta kutoka kijijini. Daktari aliitambua khanga kabla ya uso, maana yeye ndiye aliyeinunua. Uso ulikuwa umekonda mno.

"Mama?"

"Umekuja, baba." Akajaribu kusimama, akashindwa. "Niliwakataza wasikuite. Nikawaambia mwacheni, ana watu wengi wa kuwaponya."

Tabasamu likamtoka daktari. Mama ndiye aliyeendelea kusema, tena kwa furaha. "Tumewasikia mkishangilia humo ndani! Nikamwambia shemeji yako, hiyo ni sauti ya mwanangu, leo ameipata dawa. Umeipata, baba?"

Wewe ungemjibu nini?

Alipiga magoti sakafuni na koti lake jeupe, akalia mpaka watu wa foleni wakadhani yeye ndiye mgonjwa. Mama akamfuta machozi kwa pindo la khanga. Hakumaliza mwezi ule, mama yule. Kioo chake kipo, na wanafunzi bado wanafundishwa kwacho. Ila mwalimu wao hasemi tena kuwa ni kizuri. Husema, "Huyu ni mama wa mtu," kisha anawapisha wachungulie.

Ndugu zangu, tusifanye haraka kumhukumu daktari. Sisi je? Tunatoka makaburini tunaambiana msiba umefana, pilau lilikuwa la kutosha, na mjane bado yuko chini kwenye mkeka. Ndoa ya jirani inavunjika, tunaitana: njoo nikupe habari tamu! Mtu kagongwa barabarani, picha zake zimezunguka kwenye simu kabla hajapatikana wa kumfunika. Kuona tunaona, tena kwa karibu sana. Kinachotushinda ni kutoka nje kwenda kwenye benchi kuuliza huyu ni nani. Na siku tunapotoka, mara nyingi tumechelewa, na anayetusubiri pale ni wa kwetu.

Kwa hiyo tukimaliza ibada, ukifika mlangoni kunipa mkono, nakuomba, usiniambie mfano wa leo ulikuwa mzuri. Kuna mtu wako yuko kwenye benchi, na makofi yako ameshayasikia.