Jina la Mdogo Wake Nakundwa

Hapo zamani, wala si zamani ile ya fisi na sungura, ni zamani ya juzi ambayo walioiona bado wako hai, aliishi mwalimu mmoja aitwaye Mbonea katika kijiji cha juu kabisa kwenye milima ya Upare. Mkewe aliitwa Namsifu. Walikuwa na mtoto mmoja, Nakundwa, binti wa miaka miwili na nusu. Katika nyumba hiyohiyo aliishi mama mzazi wa Mbonea, ambaye kijiji kizima kilimwita Bibi Nafue.

Mbonea alijinyima miaka minne akanunua gari dogo kuukuu. Barabara ya kushuka mjini ilikuwa kona juu ya kona, mkono mmoja ukuta wa mlima, mkono wa pili korongo. Na ndani ya gari lile Nakundwa alisafiri kama watoto wote wa kijiji walivyosafiri: leo amepakatwa na mama, kesho amesimama katikati ya viti, mikono shingoni mwa baba. Hakuna aliyeona ubaya. Mtoto kupakatwa na mamaye, ubaya uko wapi?

Siku moja akaja dada yake Mbonea, Nakijwa, ambaye aliishi Moshi na kufanya kazi ya ushonaji. Alishuka kwenye basi akiwa amebeba kiti cha mtoto cha kufungwa ndani ya gari, kile chenye mikanda ya kupita mabegani na katikati ya miguu. Kilikuwa bado ndani ya nailoni yake. Alipanda nacho mlima akiwa amejitwika kichwani, na watu njiani wakamcheka, wakamuuliza kama sasa huko mjini viti vimeisha hadi watu watembee navyo.

Nakijwa alimweleza kaka yake kuwa mtoto asiyefungwa ndani ya gari ni kama yai lililowekwa juu ya meza inayotikiswa. Bibi Nafue alisikiliza, akakiangalia kile kiti, akashika ile mikanda.

"Mjukuu wangu si mbuzi wa kufungwa kamba," alisema.

Mbonea hakutaka kubishana na mama, wala hakutaka kumvunja moyo dada. Akashukuru sana, akakitia kiti stoo. Baada ya wiki mbili kuku alikuwa anatagia humo.

Huyo Nakijwa ni wa kwanza. Mshikeni akilini.

Jirani na hapo alikaa mwanamke aitwaye Navoneiwa. Miaka sita nyuma alimpoteza mwanawe wa kiume katika ajali ya gari kwenye barabara ileile. Kijiji kilijua kwamba mlango ulifunguka, mtoto akarushwa nje. Hivyo ndivyo Navoneiwa alivyosema siku ya msiba, na hivyo ndivyo mumewe na ukoo wa mumewe walivyoamini. Hakuna aliyeuliza zaidi.

Asubuhi moja Navoneiwa alikuwa anatoka kisimani, gari la Mbonea likampita. Akamwona Nakundwa amesimama katikati ya viti, anacheka, anapunga mkono. Navoneiwa aliweka ndoo chini, akakaa kando ya barabara mpaka jua likapanda. Alasiri ile akaenda kwa Mbonea, akaomba wote watatu waketi: Mwalimu, mkewe na Bibi.

"Mwanangu hakurushwa na mlango," akawaambia. "Nilikuwa nimempakata kiti cha mbele. Nilimshika kwa mikono yote miwili, kwa nguvu zangu zote. Gari liligonga jiwe, si kwa kasi kubwa. Akatoka mikononi mwangu kama sabuni. Mimi sikuumia hata kidole. Mama Nakundwa, mikono ya mama haitoshi. Ningependa isingekuwa hivyo, lakini haitoshi."

Navoneiwa aliinuka akaaga, akaenda zake. Maneno yale hayakukaa ndani ya nyumba ile. Maneno ya namna hiyo hayakai. Kabla ya Jumapili ukoo wa mumewe ulikuwa umeyapata, na shemeji zake wakaacha kuitika salamu yake. Mumewe alihamia chumba cha nje. Hakumfukuza, ila hakula tena chakula alichopika.

Huyo ni wa pili.

Kesho yake, baada ya Navoneiwa kusema, Mbonea alimfukuza kuku, akakisugua kiti kwa maji ya moto na sabuni, akakipeleka kwa fundi wa magari aitwaye Mchome. Lakini gari lenyewe halikuwa na mikanda ya nyuma. Mwenye gari wa kwanza aliikata zamani. Mbonea akamwomba fundi akifunge kiti kwa kamba ya katani, ikazwe vizuri.

Mchome alikataa. Alisema kamba ya katani ni ya kumdanganya mwenye mtoto, si ya kumshika mtoto. Mbonea alimsihi, akamkumbusha kwamba wamesoma darasa moja. Mchome akasema ni kwa sababu hiyohiyo hafungi kamba. Akazunguka siku tatu akitafuta mikanda, na yote aliyoipata ilikuwa imeliwa na jua. Siku ya nne akalifungua gari lake mwenyewe, akatoa mikanda yote ya nyuma, akaitia kwenye gari la Mbonea kwa bolti mpya. Alipomaliza kukifunga kiti alikishika kwa mikono miwili akakitikisa kwa uzito wake wote, na kiti hakikucheza. Kisha akawafundisha Mbonea na Namsifu kupitisha mkanda na kubana kifungo, wakarudia mpaka wakaweza bila kuangalia.

Kuanzia siku ile Mchome hakuwapakia tena wanawe katika gari lake. Shule ilikuwa mbali na mvua za masika zilikuwa zimeanza. Watoto walikwenda kwa miguu, wakarudi na matope hadi magotini, na mkewe alimnunia kwa miezi miwili.

Huyo ni wa tatu.

Sasa sikilizeni safari yenyewe. Namsifu alikuwa na mimba ya miezi sita. Asubuhi moja walishuka mjini kumpeleka kliniki. Mbonea alishika usukani. Nyuma alikaa Nakundwa ndani ya kiti chake upande mmoja, Namsifu katikati, na Bibi Nafue upande wa pili, kila mtu na mkanda wake. Mvua ya usiku ilikuwa imeacha utelezi barabarani.

Nakundwa alianza kulia kabla hawajafika kona ya kwanza. Hakuwa amezoea kufungwa. Alilia kwa hasira, kisha akalia kwa huzuni, kisha akaanza kile kilio cha kukatika pumzi ambacho hakuna mama anayeweza kukikalia kimya. Alimwita mama. Alimwita baba. Mwishoni akamnyooshea mikono bibi yake, ambaye tangu azaliwe hakuwahi kumnyima kitu.

"Bibi, nitoe. Bibi, nitoe."

Namsifu akavumilia, akavumilia, akashindwa. Akaona ni mwendo mfupi tu, na Mbonea anaendesha polepole. Akapeleka mkono kwenye kifungo. Mkono wa Bibi Nafue ukapita mbele yake, ukauwahi. Yuleyule aliyesema mjukuu wake si mbuzi akaufunika mkono wa mkwewe juu ya kile kifungo, akaushikilia hapo.

"Mwache alie," alisema Bibi. "Anayelia yupo."

Namsifu alikasirika, akamwambia mama mkwe maneno ambayo hakuwahi kumwambia. Nakundwa akazidi kumwita, na Bibi akageuza uso dirishani asiyaone macho ya mtoto, lakini mkono hakuutoa.

Kona mbili mbele yao, gari likateleza. Mbonea aliukata usukani kuelekea ukutani ili wasiende korongoni. Gari likagonga ukuta, likapanda, likapinduka mara moja, likalala ubavu.

Kulikuwa kimya, halafu Nakundwa akalia.

Mbonea alivunjika mkono. Namsifu alikatwa na vioo usoni, lakini mimba ilisalimika. Bibi Nafue aliumia mbavu. Na Nakundwa walimkuta ananing'inia katika kiti chake kama alivyofungwa, mikanda imemshika kifuani na mabegani, hana jeraha wala mchubuko. Dirisha lililokuwa pembeni yake halikuwepo tena. Waliokuja kuwaokoa walitazama lile tundu, kisha wakamtazama mtoto.

Miezi mitatu baadaye Namsifu alijifungua mtoto wa kike. Katika ukoo wa Mbonea palikuwa na desturi: watu wakiponea chupuchupu, mtoto anayezaliwa baada ya hapo hupewa jina la aliyewaponya, na mponyaji huyo huwa mzazi wa tatu. Hushauriwa mtoto akisoma, hushauriwa akiolewa, na yeye akizeeka, mtoto huyo humtunza kama mamaye. Jina ni moja tu. Haligawanywi.

Siku ya saba watu wakaketi sebuleni kwa Mbonea. Nakijwa ndiye aliyeanza.

"Kaka, kiti kile sikumnunulia Nakundwa," alisema. "Nilikinunua nikiwa na mimba yangu, ile iliyoharibika. Madaktari waliniambia sitapata nyingine. Nikakiweka miaka mitatu ndani ya nailoni. Siku niliyokileta hapa ndiyo siku niliyokubali kwamba sitakuwa na mwana wa kukikalia. Mkakitia stoo, sikusema neno. Lakini bila kiti, mngemfunga mtoto kwenye nini? Na mimi nisipoitwa kwa mtoto huyu, duniani nitaitwa kwa nani?"

Akafuata Mchome. Alisema yeye ni mwanamume, mtoto ni wa kike, kwa hiyo anaomba litolewe jina la marehemu mama yake, Nakadori. Alisema kiti kililetwa na mtu mwingine, sawa, lakini kiti kisichoshikwa na chochote huruka pamoja na mtoto aliyemo. "Bolti zile zingeng'oka, lawama ingekuwa ya nani? Mngekuja kwangu. Nyote mngekuja. Basi hazikung'oka."

Wakamtafuta Navoneiwa kwa macho. Hakuwepo. Hakutaka kukaa chumba kimoja na shemeji zake. Aliyesimama kwa niaba yake ni Bibi Nafue, akishikilia mbavu zake.

Bibi alisema kiti kilikuwa stoo na fundi alikuwa gereji kwake, na vyote vingebaki huko mpaka leo. Alisema yeye mwenyewe ndiye aliyekidharau. Kilichomgeuza ni mwanamke mmoja aliyevunja nyumba yake ili nyumba hii isivunjike. "Wengine wametoa vitu," alisema. "Navoneiwa ametoa uso wake mbele za watu. Mkimpa jina hili, mtakuwa mmemrudishia mtoto wa kumpakata mbele ya wale wasiomsalimia."

Hapo Mbonea akadhani mambo yamekwisha. Lakini Namsifu, mwenye kichanga mapajani, akaomba aseme.

Alisema kiti kilikuwepo, mikanda ilikuwepo, maneno ya Navoneiwa aliyasikia kwa masikio yake mwenyewe, na bado mkono wake ulikwenda kwenye kifungo. Yote waliyoyatoa wenzake yalikuwa chini ya kidole chake, na kidole kilikuwa kinabonyeza. Ni mama mkwe aliyekizuia.

"Na hamjui alicholipa," aliendelea. "Tangu siku ile Nakundwa hakubali kushikwa na bibi yake. Akimwona mlangoni anajificha nyuma yangu. Usiku halali naye tena. Mtoto anakumbuka tu kwamba aliita, na bibi akageuza uso. Haelewi mengine. Mama hajalalamika hata siku moja."

Bibi Nafue akasema hataki jina, kwani anafanya nini na jina uzeeni. Lakini wote waliona alivyokitazama kichanga kile.

Mbonea alimtazama dada yake, akamtazama rafiki yake, akatazama nafasi tupu ya jirani, akamtazama mama yake. Akasema mtihani huu umemshinda, naye ni mwalimu. Watu wakaondoka jioni ile bila jina kutajwa. Wiki ikapita, mwezi ukapita, na mtoto anaitwa Mtoto.

Ndipo Mbonea aliponiomba kila ninapoketi na watu niwaulize, na leo nimeketi nanyi. Mmoja alitoa kiti alichomwekea mwanawe. Mmoja alikataa kamba akavua mikanda ya wanawe. Mmoja alisema kweli ikamgharimu nyumba. Mmoja aliuzuia mkono, akapoteza mapenzi ya mjukuu.

Je, nani alistahili? Kama ni wewe uliyempakata kichanga kile siku ya saba, na watu wote wanakungoja ufungue kinywa, ungemwita nani?