Mtawa Aliyezuia Pumzi

Wamesimulia waliotutangulia kwamba katika kisiwa cha Sarandibu, zama ambazo wafuasi wa Budha walikuwa wengi katika milima yake, paliishi mtawa aitwaye Kittisena. Kabla ya kunyoa kichwa na kuvaa vazi la manjano, alikuwa mchonga mawe, mwenye nyumba na mke. Mkewe, Somavati, aliugua kifua kwa muda mrefu, kisha akafariki. Mazishi yalipokwisha, Kittisena aligawa patasi na nyundo zake, akapanda mlimani, akabisha hodi katika nyumba ya watawa iliyoongozwa na mwalimu Dhammaruchi.

"Unatafuta nini kwetu?" mwalimu alimuuliza.

"Natafuta furaha isiyokufa."

"Haya, karibu. Keti uitazame pumzi yako."

Hiyo ndiyo iliyokuwa taamuli ya watawa wale. Mtu huketi, hufumba macho, huiangalia pumzi inavyoingia na inavyotoka, bila kuivuta wala kuisukuma. Walifundishwa kwamba moyo unapotulia pumzi nayo huwa nyembamba, na kwamba waliofikia daraja la juu kabisa pumzi zao hazisikiki tena.

Lakini Kittisena alipoitazama pumzi yake, aliisikia ya Somavati. Aliisikia ikikwaruza kifuani, ikikatika, ikirudi kwa taabu, kama ilivyokuwa siku zile za mwisho. Hakuweza kuivumilia. Akajizoeza kuizuia. Alikuwa akiiba hewa kidogo kwa ncha ya pua, akaibana, akakaa nayo kifuani, kisha akaiba tena, mpaka kengele igongwe. Mkwaruzo wa kifua cha mgonjwa ulinyamaza. Hapo akajiambia kwamba anaendelea vizuri.

Aliyeketi kando yake ukumbini alikuwa mtawa Uttiya, mtu mnene mwenye mzaha, ambaye hata katika taamuli alikoroma. Siku moja ya masika Uttiya alifumbua macho kabla ya wakati, akamwona jirani yake ametulia kama sanamu. Akaokota unyoya wa njiwa, akausogeza chini ya pua ya Kittisena. Unyoya haukutikisika.

Uttiya alitoka ukumbini akitweta. "Mwalimu! Ndugu yetu amefika! Mimi napuliza kama mivukuto ya mhunzi, na yeye hapumui kabisa!"

Mwalimu alisema tu, "Mwache aketi." Lakini habari haikungoja ruhusa. Ilishuka mlimani pamoja na watawa waliokwenda kupokea chakula, na haikupita muda watu wa bondeni wakawa wanainama mara mbili mbele ya Kittisena pale walipoinama mara moja kwa wengine. Watawa nao wakanong'onezana kwamba mwalimu amezeeka, na kwamba mvua zikiisha Kittisena ndiye atakayekabidhiwa kuwafundisha watu wa bondeni.

Kittisena alisikia yote hayo. Hakusema ndiyo, wala hakusema siyo. Naye aliijua kanuni yao: mtawa anayejidai kufikia daraja ambalo hakulifikia, hutolewa langoni siku hiyo hiyo, wala harudi. Na Kittisena hakuwa tena na nyumba wala zana. Hakuwa na pa kwenda.

Asubuhi moja alipokuwa akipita na bakuli lake, alisimama mbele ya nyumba ya mfumaji aitwaye Kusuma, mjane wa siku za karibuni. Yule mama alimtilia wali, kisha hakuondoka.

"Baba mtawa, wanasema wewe umeivuka huzuni. Nifundishe na mimi."

"Itazame pumzi yako, mama."

"Naitazama, baba. Kila nikiitazama inageuka kilio. Nimejaribu mpaka nimejichukia. Nadhani mimi nina dhambi kuliko watu wengine."

Kittisena alitazama chini, akaendelea na njia yake. Wali ule aliula bila kujua alichokula. Tangu Somavati aondoke ndivyo alivyokuwa akila.

Mvua zikaisha. Ilikuwa desturi ya watawa wale kwamba siku ya mwezi mpevu inayofunga masika, kila mmoja, mkubwa kwa mdogo, hupiga magoti mbele ya wenzake na kuwaomba wamwambie makosa yake. Ilipofika zamu ya Uttiya, wenzake walimwambia kuhusu kukoroma, na kuhusu kujipakulia embe mbili.

"Zilikuwa ndogo," Uttiya alisema, "lakini nimekubali."

Wakacheka. Ikafika zamu ya Kittisena. Alipiga magoti, akaunganisha viganja, akasema kama ilivyo desturi: "Enyi wenzangu, tumekaa pamoja masika yote. Mliloliona kwangu, mlilolisikia, au mnalolishuku, niambieni kwa kunihurumia."

Hakuna aliyemtajia kosa. Si kwa kuogopa. Hawakuwa wameliona. Kanuni iliruhusu anyanyuke arudi mahali pake. Akamkumbuka yule mama aliyejiona mwenye dhambi kwa sababu ya kilio chake, akabaki amepiga magoti.

"Basi nitasema mwenyewe," alisema. "Sijafika popote. Pumzi yangu haisikiki kwa sababu naizuia. Nikiiachia, namsikia mke wangu akifa."

Uttiya alijishika kichwa. "Ole wangu na unyoya wangu!"

Hakuna aliyecheka safari hii. Mwalimu Dhammaruchi aliuliza, "Je, ulitamka kwa ulimi wako kwamba umefika?"

"Sikutamka. Lakini walipoinama, niliwaacha wainame."

"Hukutamka, basi kanuni haikutoi. Uliwaacha wainame, basi kesho utashuka uwaambie. Leo tumalize ya hapa juu, kesho ya bondeni." Mzee akajisogeza kwenye mkeka wake. "Ilikuwaje pumzi yake?"

Kittisena alieleza. Alieleza kwa utaratibu, kama mtu anayeeleza kazi ya jiwe.

"Na ile ya mwisho?"

"Sikuisikia, mwalimu. Nilitoka nje. Nilikwenda kuteka maji ambayo hakuyaomba. Niliporudi, kimya."

"Basi ndiyo maana haiishi," mwalimu alisema kwa upole. "Hukuwahi kuisikiliza mpaka mwisho. Keti, mwanangu. Sisi tupo. Mara hii usiende kuteka maji."

Akaketi. Akaiachia pumzi. Ikaja ikikwaruza, ikakatika, ikarudi, na jasho likamtoka. Watawa wote walibaki wameketi. Uttiya, kando yake, alipumua kwa kishindo kama kawaida yake, na safari hii Kittisena alimshukuru moyoni, kwani alijua kwamba hayuko peke yake ukumbini. Pumzi ya Somavati ikawa ndefu, ikawa chache, ikaja moja ambayo haikufuatwa na nyingine. Hakutoka. Alikaa katika ule ukimya uliokuja baada yake, ukimya alioukimbia miaka yote, na hapakuwa na kitu cha kutisha ndani yake. Kisha kifua chake mwenyewe kikajaa hewa. Alilia kwa sauti, akapumua, akalia tena, na hakuna aliyemnyamazisha.

Kesho yake asubuhi alishuka bondeni, akawaambia watu. Wapo walioondoka wakinung'unika. Kusuma hakuondoka.

"Kwa hiyo, baba, nawe unalia?"

"Jana nililia mbele ya watawa wote mpaka mkeka ukalowa."

Yule mama alijiziba mdomo, lakini kicheko kilikwisha kumtoka. "Afadhali! Jamani, afadhali! Nilidhani ni mimi peke yangu niliyeshindwa."

"Hukushindwa, mama. Kilio kikija, usikizuie wala usikivute. Kaa nacho mpaka kiishe chenyewe."

"Na hiyo furaha, nitaipata lini?"

"Sijui. Nami ndiyo kwanza naanza."

Kusuma akamtilia wali, wa moto, wenye nazi. Kittisena aliketi kivulini akala, na kwa mara ya kwanza tangu awe mjane alisikia utamu wake.

Ndugu zangu, wengi wetu tumesifiwa kwa subira tulipokuwa tumejifungia ndani tu. Subira si kuufunga mlango ili msiba usiingie. Ni kubaki chumbani na aliye wako mpaka mwisho, kisha kuiruhusu pumzi inayofuata, ambayo ni yako, iingie.