Sori ya Nini?

Paukwa!
Pakawa.
Kuni?
Za matangani.
Machozi?
Ya mfiwa.
Haya, sogeeni. Leo msitegemee kicheko.

Hapo kale wanyama walipokuwa wakisema, kila jambo lilikuwa na neno lake. Mpita njia aliomba apishwe. Mwenye msiba alipewa pole. Na aliyekosa, hapo ndipo palipokuwa pagumu, alipiga magoti akasema, "Ni mimi. Nimekosa."

Kasuku alikuwa amefugwa kwa Mzungu. Siku moja akatoroka, akarudi porini na neno moja tu: sori. Akawaambia wenzake kwamba Wazungu hulitumia kwa yote, kwa kupita, kwa kufiwa, hata kwa kuua. Wanyama wakalijaribu, wakaliona jepesi, halichomi ulimi. Wavivu wale! Wakayaacha maneno yao, na mwisho wakayasahau kabisa.

Ikawa Nyati anakimbilia maji, hatazami chini. Akamkanyaga mtoto wa Digidigi, yule swala mdogo mwenye miguu kama vijiti. Alikuwa mtoto wake wa pekee. Mama alipofika alikuta mwanawe amekwisha kufa, na vumbi limetanda. Mama hakumwona aliyemuua.

Akatandika mkeka wa matanga. Desturi yao, matanga hayakuanuliwa mpaka aliyeleta kifo aungame kwa kinywa chake. Akiungama, mama anafuta machozi, anainuka. Hakuna kisasi.

Akaja Twiga.
"Sori."
"Sori ya nini, dada?"
Twiga akatafuta la kuongeza, hakulipata. Akaenda zake.

Akaja Kanga na vifaranga vyake, anataka kupita tu.
"Sori."
"Sori ya nini, shoga?"
Kanga akapita.

Akaja Nyati, kichwa chini.
"Sori."
"Sori ya nini, kaka?"

Nyati alitaka kusema, jamani. Tangu siku ile alikuwa hali, halali. Akafungua kinywa, akakifunga, akakifungua tena. Magoti yakakunjika kidogo, lakini maneno hayakuja.
"Sori," akasema. "Sori."
Akageuka, akarudi majanini analia.

Mama akamtazama akienda. Huenda ni yeye. Huenda ni jirani mwenye huruma tu. Hakujua, na hakuna aliyeweza kumwambia.

Matanga yale hayajaanuliwa hadi leo. Mtazameni digidigi: chini ya kila jicho ana doa jeusi. Hapo ndipo machozi yanapopita. Bado anangoja.

Hadithi nimeitua hapa, mwenye nguvu aibebe. Funzo lake ni hili: ukimkosea mtu, litaje kosa lako, umwache apumzike.

Na aliyevunja mtungi wangu leo asubuhi, asiniletee sori. Magoti anayo.