Mwisho wa Mbuzi Aliyekula Saa

Sogeeni, wajukuu zangu, sogeeni mpaka magoti yagusane. Wewe unayetafuna muwa, tafuna kimyakimya au uteme. Haya. Sasa mdomo unaofunguka hapa ni wangu peke yangu.

Hapo zamani, na si zamani ya majini na wafalme, zamani ya juzijuzi tu, ya televisheni zenye kichogo, aliishi Muheza fundi baiskeli mmoja, Mzee Hoza. Mtu mzima, ndevu nyeupe, wajukuu tele, na ugonjwa wake ulikuwa mmoja: katuni. Wala si katuni zote. Katuni moja tu, ya mbuzi aitwaye Majira.

Huyo Majira alikuwa fundi saa. Mteja akileta saa mbovu, Majira anaitazama, anaitikisa, anaila. Mteja akirudi, anaambiwa aweke sikio tumboni. Tik, tak, tik, tak. "Umeisikia? Imepona!" Basi mji mzima ukitaka kujua saa ngapi, unapanga foleni kwenye tumbo la mbuzi. Ndiyo hadithi yenyewe, hakuna nyingine. Na Mzee Hoza alicheka mpaka kofia ikamdondoka, kila wiki.

Katuni ikianza, baiskeli yako ibaki bila gurudumu, shauri yako. Mbuzi jike wake mwenyewe alimpa jina Dakika. Jirani yake Shebila, mwenye pikapu ya machungwa, alimwambia kweupe, "Bwana Hoza, na umri huo unacheka na mbuzi wa kuchorwa? Huoni haya?"

"Wewe ungekuwa unachekesha," akajibu Mzee, "ningekutazama wewe."

Tangu siku hiyo hawakusalimiana.

Halafu macho yakamgeuka Mzee. Mtoto wa jicho, kulia na kushoto. Majira akawa kivuli, kisha akawa ukungu. Hospitali wakampangia siku ya kupasuliwa. Lakini hapo ndipo palipokuwa na kazi: katuni ikatangazwa kwamba inafika mwisho, na mwisho wenyewe utakuja kabla ya hiyo siku ya macho.

Mzee chakula hakikupita. Akasema barazani, kila mtu akasikia, "Atakayenifikisha mwisho wa Majira, Dakika ni wake, pamoja na mimba yake."

Jioni ya mwisho ikafika, na mvua nayo ikafika, na umeme ukaenda zake. Mzee akakaa mbele ya kioo cheusi kama mtu aliyefiwa. Mara mlango ukasukumwa. Nani? Shebila! Hakupiga hodi, kakumbatia betri ya pikapu.

"Usinishukuru," alisema. "Nimezoea kicheko chako ukutani kwangu. Nikikikosa, silali." Na huko nje, juu ya pikapu isiyo na betri, machungwa yake ya kupeleka gulioni yalibaki yakilowa.

Betri ikaunganishwa. Televisheni ikawaka, ikaleta chenga tupu. Antena ilikuwa imelazwa na upepo, na lazima mtu apande juu aishike. Shebila mgongo mbovu. Wengine wanawake na watoto. Akabaki Semkiwa, aliyemuoa binti wa Mzee. Sasa sikilizeni. Huyu Semkiwa hajawahi kula mbele ya mkwewe, hajawahi hata kupita mbele yake bila kuinama. Apande juu ya paa? Aweke nyayo zake juu ya kichwa cha baba mkwe?

Akainama mlangoni. "Baba, isamehe miguu yangu," akasema, akapanda.

"Imekuja?" akauliza kutoka juu kwenye mvua.

"Bado!"

"Na sasa?"

"Hapohapo! Usipumue!"

Picha ikatulia, lakini ya kumfaa nani? Mzee aliona mwanga tu. Ndipo Mwantumu, mpika vitumbua, mdogo wa marehemu mke wa Mzee, akakaa sikioni kwa shemeji yake. Tangu macho yaharibike yeye ndiye aliyemsimulia, na sauti ya Majira aliitoa puani.

"Shemeji, leo kameza saa ya stesheni, kubwa kama sinia la pilau!"

Mzee akacheka. Kisha Mwantumu akanyamaza. Mtoto mmoja akaanza kulia, na mwingine akadakia.

"Watoto wana nini?" Mzee akauliza.

"Kicheko kimewazidi, shemeji, mpaka machozi. Majira kapiga chafya! Saa zote nje, kila mtu anaokota yake! Anacheza sasa, mkia juu!"

"Na huyo anayepenga kamasi?"

"Shebila. Anakufa kwa kucheka."

Mzee Hoza akacheka, kofia ikadondoka, Shebila akaiokota na kumvisha.

Macho yakapasuliwa, yakapona. Na kitu cha kwanza alichokiona Mzee pale wodini, kwenye televisheni ya ukutani, kilikuwa marudio. Majira kameza saa ya stesheni. Majira kalala chini. Tik, tak. Tik. Halafu kimya. Mwisho.

Alirudi nyumbani. Akawaita wote watatu, akaishika kamba ya Dakika mkononi.

Shebila akaanza. "Bila betri yangu mngetazama ukuta. Machungwa yangu yameota ukungu. Na mimi sikumdanganya mtu."

Semkiwa akatazama chini. "Baba, mvua ilinikauka. Jina halijanikauka. Mpaka leo mtaani wananiita Mkanyaga Mkwe."

Mwantumu akashika kiuno. "Hawa walikuletea mwanga, shemeji, nawe huoni. Mwisho ulioufikia siku ile ni wangu."

"Mwisho wa uongo!" Shebila akaruka.

"Ala! Na mbuzi anayekula saa ndiye wa kweli, Shebila?"

Mzee akanyoosha kamba kwa huyu, akairudisha. Akainyoosha kwa yule, akairudisha. "Mwisho wa kweli nimeuona," alisema. "Lakini nikifumba macho, Majira anapiga chafya." Akamfunga tena Dakika kwenye nguzo yake.

Miaka ikaenda, Mzee Hoza akafa ameshiba siku zake. Televisheni alirithi binti yake, na kuku wanatagia ndani. Spana alichukua Semkiwa, na lile jina juu yake. Kofia aliiomba Shebila, akapewa. Mwantumu alirithi sauti ya Majira, akaitoa kwenye matanga ya shemeji yake, watu wakacheka msibani bila haya. Ila Dakika hakukabidhiwa mtu, na ukoo wake ndio huu unaotafuna kanga zetu kwenye kamba hapo uani.

Basi fungueni midomo sasa, hata wewe wa muwa. Yule mbuzi, je, nani alistahili kupewa?