Chuma cha Sikazwe, Shaba ya Kalaba

Haya, sogeeni, sogeeni! Atakayekaa mbali ataambulia upepo tu. Mmetulia? Wewe mwenye karanga mdomoni, tafuna umalize kwanza, maana hapa pana mahali utacheka ukapaliwa. Basi shikeni, nawapa cha kale.

Ni kale ile, wajukuu zangu, kale ambayo hata bibi yangu aliisikia kwa bibi yake. Katika kale hiyo kulikuwa na watu wa Ilambo, na watu wa Ilambo walikuwa watu wa chuma. Chuma asubuhi, chuma mchana, chuma jioni. Walichimba mawe mekundu mlimani, wakajenga tanuri la udongo refu kumpita mtu mzima, wakalilisha makaa na mawe, makaa na mawe, wakavuta mivukuto mpaka mabega yakaomba poo. Na mnadhani chuma kilitoka kikimiminika kama uji? Thubutu! Moto wao, pamoja na ukali wake wote, haukuweza kukiyeyusha. Kilitoka bonge, bonge jeusi lenye matundu, na bonge hilo likapigwa nyundo, likapigwa, likapigwa, mpaka uchafu ukatoka na jembe likapatikana. Kazi hiyo! Ndiyo maana watu wa Ilambo walijiona sana.

Sasa walikuwa na desturi yao. Kijana akitaka kuoa, alitengeneza chombo kwa mkono wake na kwa ufundi wa kwao, akampelekea mama mkwe. Mama mkwe alikipeleka kazini mbele ya watu wote. Kikistahimili mpaka mama achoke mwenyewe, ndoa ipo. Kikivunjika au kikipinda, kijana anafunga mzigo siku hiyohiyo na hakanyagi tena Ilambo maisha yake yote. Na kwa kuwa wote walikuwa watu wa chuma, chombo kilikuwa jembe. Miaka nenda, miaka rudi, jembe. Hakuna aliyeleta kingine, wala hakuna aliyeuliza.

Mkuu wa mafundi wote hao alikuwa Mzee Sikazwe, mtu wa kifua kipana na maneno machache, na hayo machache makali. Binti yake ni Nakazwe. Na huyo Nakazwe, wanangu, alikuwa amependa. Alimpenda Kalaba, kijana wa ng'ambo ya mto, aliyekuja kuuza bangili. Si kwamba alimpenda kidogo. Alipenda mpaka akisonga ugali unaungua.

Tatizo ni kwamba Kalaba alikuwa mtu wa shaba.

Shaba, jamani, ni kitu kingine kabisa. Yenyewe huyeyuka! Tanuri dogo tu linatosha, ikawa maji mekundu yanayong'aa, ukaimimina kwenye kalibu ya udongo ikakaa umbo unalotaka. Unaweza kuivuta ikawa uzi mwembamba wa kutungia shanga. Lakini ni laini. Mzee Sikazwe alipoambiwa habari za mchumba huyo alitema mate pembeni, akasema shaba ni ya shingoni na mikononi, haijawahi kumlisha mtu. Hata hivyo desturi haikumkataza mgeni. Alete chombo, akasema, tutaona.

Basi Kalaba akaanza jembe lake la shaba. Aliipiga ikiwa baridi, hakuitia moto, maana kwao walijua kwamba shaba kadiri unavyoifua baridi ndivyo inavyokakamaa. Likawa jembe gumu la kutosha, si kama la chuma, lakini la kutosha. Nakazwe akaenda kulitazama, na hofu ya mapenzi ikamshika. Akaona halijawa gumu vya kutosha. Yeye alikulia karibu na nyundo, alimwona baba yake kila siku akilitia jembe motoni mpaka linakuwa jekundu, kisha analizamisha majini, chwiii, na ukingo unakuwa mkali wa kukata kuni. Akamwambia Kalaba afanye vivyo hivyo.

Kalaba akasita. Mkono wake ulimkataza. Lakini alikuwa mgeni, anaoa kwa watu wa chuma, na aliyemshauri ni binti wa fundi mkuu. Ungekuwa wewe ungefanyaje? Akalitia motoni likawa jekundu, akalizamisha majini. Likatoka zuri, linametameta. Nakazwe akapiga vigelegele.

Siku ya siku ikafika. Ilambo nzima ikahamia shambani kwa Mama Nakazwe, wazee wamekaa mbele, watoto wamepanda vichuguu. Kalaba amesimama mbali kabisa, amewapa mgongo, kwa sababu mkwe hamtazami mama mkwe wala hasemi naye. Kati yao yupo mshenga wao, Siwale, mtu anayependa kusema kuliko kula. Mama Nakazwe akashika jembe. Akalima. Linakwenda! Akalima tena. Linakwenda! Mama akainua, akashusha kwa nguvu, jembe likakutana na mzizi.

Likajikunja.

Halikuvunjika, la, lilijikunja kama jani la tumbaku, likamtazama mama mwenyewe. Kicheko kilichotoka pale! Watu walishikana mabega. Siwale alicheka mpaka akakumbuka kwamba yeye ni wa upande wa mchumba, akanyamaza ghafla.

Nakazwe hakucheka. Mnajua kilichotokea? Moto na maji vinavyokifanya chuma kiwe kigumu, shaba vinailainisha. Ule ugumu wote ambao Kalaba aliupigania kwa nyundo uliondoka ndani ya moto ule mmoja. Nakazwe alimwona Kalaba ameinamisha kichwa, anatazama mikono yake, na hapo akaelewa bila kuambiwa. Ni neno lake yeye lililomharibia. Na Kalaba hasemi! Anaweza kusema, "Binti yenu ndiye aliyenishauri," lakini kimya. Machozi yakamtoka Nakazwe pale pale mbele ya watu, na hakuyafuta.

Mzee Sikazwe akasimama kutoa hukumu. Ndipo sauti ikatoka shambani, sauti ambayo siku za majaribio haikuwahi kusikika.

"Baba Nakazwe, kaa kwanza," akasema Mama Nakazwe. "Mimi silimi."

Watu wakatazamana. Vipi halimi, na ana jembe mkononi?

"Shamba hili analima dada yangu," akasema. "Mimi napika chumvi. Tangu nimeolewa napika chumvi, na chumvi hiyo ndiyo mnayoila nyote. Desturi inasema chombo. Nani aliwahi kusikia inasema jembe?"

Lo! Wazee wakageuziana vichwa, wakanong'ona, wakakuna ndevu. Kila mmoja akapekua alichoambiwa na baba yake. Chombo. Ni kweli, ni chombo. Hakuna aliyesikia jembe likitajwa. Wakakubaliana lile la jembe lisihesabiwe.

Na mama huyu alikuwa na lake moyoni, wanangu. Kule kwenye bwawa la magadi na chumvi alikuwa akichuja udongo, anapata maji ya chumvi, anayachemsha kwenye vyungu, na vyungu vinapasuka. Mumewe akamfulia karai la chuma. Alimfulia kwa mapenzi, tusimseme vibaya. Lakini chuma na maji ya chumvi ni maadui. Kutu ikalishika karai, ikalila, ikabanduka magamba, na chumvi ikatoka nyekundu. Wachuuzi waliiona wakaipita. Mama akamwambia mumewe, mumewe akajibu kwamba hiyo ni rangi tu. Rangi tu! Tangu siku hiyo alinyamaza, lakini lilimkaa rohoni.

Basi akamgeukia Siwale, akasema kwa sauti ya kufika mbali: "Mwambie huyo nisiyemtazama anitengenezee karai. Akishindwa, aende zake kama desturi inavyosema. Sitamtetea mara nyingine."

Kalaba akalichukua lile jembe lililojikunja, akachukua na bangili zote alizokuja kuuza, na nyuzi zote, akatupa vyote tanurini. Vikayeyuka, vikawa kitu kimoja. Hilo ndilo jambo la shaba, haikumbuki ilikuwa nini jana. Akamimina bamba, akalifua, likikakamaa analipasha moto lilainike, analifua tena, mpaka likawa karai pana, jembamba, linalong'aa. Na safari hii Nakazwe alikaa mbali na karakana akiuma kucha, hakutoa ushauri wowote.

Siku ya jaribio wakakutana bwawani. Mafiga huku, mafiga kule. Huku karai la chuma la Sikazwe, kule karai la shaba la Kalaba. Moto ukawashwa pande zote mbili. Kwanza Kalaba akatuma neno kwa Siwale: mama akimaliza kazi alioshe karai na kulikausha, asilaze maji ya chumvi ndani yake, maana shaba nayo ina kutu yake, ya kijani, na hiyo ya kijani ikiingia kwenye chakula inaumiza tumbo. Haili karai kama kutu nyekundu, lakini si ya kuchezea. Siwale alipokwisha kusema, akalishika karai ukingoni ili kuonyesha. Tena alishika upande ulio mbali kabisa na moto! Akaruka akapuliza vidole. Shaba hupitisha joto mbio, wanangu, upande mmoja ukiwa motoni na upande wa pili una habari.

Ndiyo maana maji ya Kalaba yalichemka huku yale ya Sikazwe yakitoa vipovu vya uvivu. Yakachemka, yakapungua, yakakauka, na chumvi ikaanza kuonekana. Nyeupe! Nyeupe ya kuumiza macho! Mama Nakazwe akachota kwa upawa, akaonja, akafumba macho. Kwenye karai la chuma ikatoka ileile nyekundu. Watu wakashangilia, Nakazwe akakumbatiana na kila aliyekuwa karibu, hata asiyemjua.

Mama akajaza karai tena, safari hii mpaka ukingoni, kwa furaha. Ndipo mambo yakabadilika. Mafiga yalikuwa yameachana mno, maji ni mazito, na shaba ikiwa motoni ni laini. Katikati ya karai pakaanza kubonyea. Pakabonyea zaidi. Ukingo mmoja ukainama, maji yakaanza kumwagika motoni, moshi ukatanda. Kalaba akaona kwa pembeni ya jicho, lakini hawezi kusogea, mama mkwe yupo pale. Nakazwe akaziba mdomo kwa mikono miwili. Karai likipinda, Kalaba anaondoka, na kurudi hakuna.

Basi kuna mtu alipita kama upepo. Mzee Sikazwe! Alikamata vyuma viwili virefu alivyokuja navyo kuchochea moto, akapiga magoti kwenye majivu, akavipitisha juu ya mafiga chini ya karai, kimoja, cha pili. Cheche zikamrukia mikononi, ndevu zikaungua, hakuachia. Karai likakaa juu ya vyuma, likatulia. Chuma katika moto ule hakikulegea wala hakikutikisika.

Mzee mmoja wa mbele akasema, "Sikazwe, umelisaidia. Kwa desturi lilikwisha kupinda."

Sikazwe akasimama akijipangusa majivu. "Nimeweka chuma changu chini ya karai la mkwe wangu," akasema. "Nimesema mkwe wangu. Nani ana neno?"

Yule mzee akaitikia kwa kichwa, na wenzake wakamfuata. Ila ilibaki ile sehemu ya mwisho, mnaikumbuka? Mama lazima achoke mwenyewe. Na Mama Nakazwe, kwa furaha ya chumvi nyeupe aliyoingoja miaka yote hiyo, hakuchoka! Alijaza karai, akapika, akakausha. Akajaza tena. Wapiga ngoma walikwisha kufika, wapishi wa pombe wanauliza vipi, jua linakwenda zake, mama anaimba na upawa wake. Mwishowe Nakazwe akamwendea, akamshika kitambaa cha kiunoni kama alivyokuwa akimshika akiwa mtoto.

"Mama," akamwambia, "choka basi, niolewe."

Mama akamtazama binti yake, akacheka, akaweka upawa chini, akakaa. Akasema amechoka.

Basi wanangu, kila kitu kipimeni kwa kazi yake, msikipime kwa kazi ya mwenzake. Na kabla hamjamletea mtu zawadi, muulizeni anafanya kazi gani. Mimi kisa nimekitua, bega limeniuma. Anayekitaka akibebe, asiyekitaka akalale.