Nani Akikalie Kiti cha Mama wa Kikundi?

Nianze, nisianze? Haya, mmesema nianze.

Pale Muheza walikuwapo mashoga watatu. Bi Shumbana alijaliwa masikio: neno likiingia halitoki, hata la jirani aliyedhani amefunga mlango. Bi Mwanjaa alijaliwa koo. Akiimba, waliokosana husogeleana. Bi Tunu alijaliwa mikono. Mpe sinia, mpe dumu, atakutolea ngoma.

Alasiri moja walijifukiza udi, wakaenda kutazama mchezo wa nyimbo wa kikundi cha Bwana Chamshama. Mtaa mzima ulikuwa umeahidiwa harusi ya binti mfalme. Lo, mfalme akatoka na kandambili. Bibi harusi akafumbua mdomo, wimbo ukatoka kwenye spika nyuma ya pazia. Akafumba mdomo, wimbo ukaendelea.

Bi Tunu damu ilimchemka. "Mashoga, nimejifukiza udi mimi nije kutazama midomo?"

"Punguza sauti, Tunu, watu wanatazama," akasema Bi Mwanjaa.

"Wanatazama nini? Kuna cha kutazama hapa?"

Mara umeme ukakatika. Bibi harusi akabaki kaachama kama kinda la ndege. Watu wakazomea, wengine wakaanza kunyanyuka. Bwana Chamshama, mwenye kikundi chake, kajibanza nyuma ya pazia.

Sasa, mazoezi yalikuwa yakifanyiwa nyuma ya jiko la Bi Shumbana, kwa hiyo nyimbo zote anazo. Ila sauti yake, Mungu anisamehe, mbuzi ana nafuu. Akamwinamia Bi Mwanjaa sikioni, akamnong'oneza mstari, kama wanawake wafanyavyo ngomani: mmoja ashike maneno, mwenziwe aimbe.

Bi Mwanjaa hakuujua wimbo hata kidogo, lakini koo likaupokea mstari baada ya mstari. Ukumbi ukatulia. Walionyanyuka wakakaa.

Wachezaji, lakini, walisimama kama nguzo. Hawana mdundo wa kushika. Bi Tunu akavuta dumu tupu la maji, akalipakata, akalitwanga kwa hasira zote za mchana ule. Viuno vikaamka. Harusi ikawa harusi, vigelegele vikasikika hadi barabarani.

Ndipo Bwana Chamshama akachomoza, kakunjua uso. "Mama zangu, mmenisitiri. Kikundi chetu hakina mama. Mmoja wenu awe mama wa kikundi, akalie kiti cha mbele kila ngoma, na sinia la kwanza la pilau liwe lake."

"Mmoja?" akauliza Bi Tunu.

"Kiti ni kimoja, bibi."

Muoneni huyo. Mchezo kauharibu yeye, sasa anaharibu na ushoga wa watu.

"Bila maneno yangu ungeimba nini?" akasema Bi Shumbana.

"Na ungeimba wewe, ukumbini angebaki nani?" akajibu Bi Mwanjaa.

"Nyie mlikuwa mnaziimbia nguzo," akasema Bi Tunu. "Aliyezichezesha ni nani?"

Tangu usichana wao kahawa walikunywa kibaraza kimoja. Siku hizi kila mtu kwake, na salamu ni kwa kope. Bi Tunu kahawa haimshuki, anaimwaga uani. Mashoga zake anawataka, na kiti anakitaka. Ijumaa kuna ngoma. Kiti kimeshawekewa mto, mwenyewe hajulikani.

Je, wewe ungemkalisha nani? Wala usiniambie wapokezane. Hilo waliambiwa, wakauliza aanze nani.