Neno la Mtoto wa Paa

Ngano hiyoo!
— Na ije, tumekaa!
Ikija na machozi?
— Tutayafuta!
Basi tegeni masikio.

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa na lugha moja, walifungua shule ya watoto wao. Mwalimu alikuwa Kanga, mjane mwenye kifaranga kimoja tu, jina lake Doti.

Siku ya kwanza Kanga aliuliza, "Watoto, mvua hutoka wapi?"

Mtoto wa Paa, mwenye kigugumizi, akasimama. "M-m-m-mawinguni."

Darasa likaangua kicheko. Mtoto wa Nyani akamwigiza, "M-m-m-m!" Wa Fisi akagaragara chini. Na Mwalimu Kanga je? Naye alicheka, kidogo tu, amejifunika bawa. Paa akamwona.

Tangu hapo Paa akafunga mdomo. Akiulizwa, anatazama kwato zake. Leo hivyo, kesho hivyo, kesho kutwa hivyo. Kanga akachoka. "Huyu hana kitu kichwani," akasema, akawa anawauliza wale wale wapiga kelele. Doti peke yake ndiye aliyekaa karibu na Paa, akimdonoa kupe masikioni.

Kiangazi kikaja, kisima cha shule kikakauka.

"Leo tunakwenda mtoni," akasema Kanga. "Tupite njia ipi, ya mawe au ya matete?"

"Ya matete!" akapaza sauti Nyani. "Ndiyo fupi!"

"Ya matete!" wakaitikia wote.

"Mwenye neno na aseme," akasema Kanga.

Doti akarukaruka, anataka kutangulia.

"Mwenye neno na aseme."

Paa akainua sikio, akalishusha.

"Mwenye neno na aseme."

Paa akasimama. Nyani akamgeukia, meno yameshaanza kuonekana. Paa akaketi.

"Haya, twendeni."

Hawakufika mbali. Matete yalitikisika mara moja tu. Chatu alikuwa amejikunja humo, na Doti, aliyetangulia mbio, hakuwahi kulia mara ya pili. Watoto wakatawanyika. Kanga akabaki akizunguka pale pale. "Doti! Doti! Doti!" Mpaka sauti ikamkauka.

Jua lilipoinama, Paa akamsogelea. "Mwa-mwalimu, mimi nilimwona Chatu mateteni asu-asubuhi."

"Ulimwona! Mbona hukusema?"

"Nilisema siku ile ya kwanza. Mka-mkacheka. Nawe ulicheka."

Kanga akainua bawa amkemee, akakumbuka ndilo alilojifunika siku ile akicheka. Akakaa mavumbini. Kisha akasema, "Nisamehe, mwanangu." Wakalia pamoja, mmoja akimlilia mwanawe, mwingine rafiki yake.

Matanga yalipoanuliwa, Kanga alirudi darasani. "Hapa hachekwi mtu tena," akasema. "Aliyekosa wa kwanza ni mimi."

Tangu hapo akiuliza swali, kila mtoto kwanza humnong'oneza jirani yake jibu. Halafu yeye Kanga hungoja. Hungoja hasa, hata Nyani akiwashwa na ulimi. Nyani mwenyewe hakuweza kumtazama mwalimu usoni. Alikwenda kukaa karibu na Paa, akasema, "Niambie mimi kwanza."

Siku ya kwanza Paa hakusema. Siku ya pili alimnong'oneza Nyani. Siku ya tatu Kanga aliuliza njia ya mtoni, na Paa akasimama.

"N-n-n-njia ya... ya mawe."

Hakuna aliyecheka. Walilingoja neno mpaka likaisha, wakapita njia ya mawe, wakanywa, wakarudi wote. Wote, isipokuwa yule asiyerudi. Kanga alikunywa wa mwisho, na maji yale hayakumkata kiu.

Ndiyo maana nawaambia: ukimcheka anayejaribu kusema, unaliua neno ambalo kesho lingemwokoa wako. Na mwalimu asiyejua kungoja, huwasikia wenye sauti tu.

Na wewe unayejificha nyuma ya dada yako, nimekuona! Sema neno lako, nitangoja, japo uji wangu unapoa.

Mzigo wa ngano nimeutua hapa. Mwenye mwingine ajitwike.

— Umetua salama!